UCHAMBUZI: CT Scan na Safari ya Kubaini Damu Inayoganda Kwenye Vena za Miguu

Tarehe 10 Oktoba 2021, jijini Dodoma, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliogharimiwa na mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Wananchi wengi wanaukumbuka mpango huo kwa madarasa yaliyojengwa nchi nzima. Katika sekta ya afya, sehemu ya fedha hizo ilielekezwa kwenye ununuzi wa mashine za CT Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kipimo ambacho kwa miaka mingi kilipatikana katika hospitali chache kubwa kilianza kusogezwa karibu na wananchi.

Mashine hizo zinapozungumzwa, mfano unaotolewa mara nyingi ni majeruhi wa ajali aliyeumia kichwa au mgonjwa aliyepata kiharusi. Upo ugonjwa mwingine ambao hautajwi sana, ingawa nao unaweza kuua kwa saa chache na unategemea picha ili uthibitishwe. Ugonjwa huo ni kuganda kwa damu ndani ya vena za kina za miguu na nyonga, na hatari yake kubwa ni bonge la damu kung'oka, kusafiri na kuziba mishipa ya mapafu.

Mashine pekee haimalizi tatizo hilo. Mkazi wa Mbezi Luis ambaye mguu wake mmoja umevimba ghafla hufikia tiba kwa kupitia hatua kadhaa, kuanzia uamuzi wake wa kwenda zahanati hadi daktari anayeisoma picha. Thamani ya uwekezaji uliofanywa hupimwa kwa namna hatua hizo zinavyoungana.

Ugonjwa usiopiga kelele

Damu ya miguuni hurudi kwenye moyo kupitia vena zilizo juu, zile zinazoonekana chini ya ngozi, na vena za kina zilizo katikati ya misuli. Mtu anapotembea, misuli ya ndama ya mguu huzikamua vena hizo na kuisukuma damu juu. Mwendo huo unapokoma kwa muda mrefu, damu hutulia na huweza kuanza kuganda.

Katika karne ya 19, daktari wa Kijerumani Rudolf Virchow alifanya utafiti uliotoa msingi wa mambo matatu ambayo bado hufundishwa katika vyuo vya udaktari. Mambo hayo ni kutulia kwa mtiririko wa damu, kuumia kwa ukuta wa mshipa, na damu yenyewe kuwa na tabia ya kuganda kuliko kawaida. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 13 Oktoba, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kama Siku ya Kuganda kwa Damu Duniani.

Makundi yanayokabiliwa na hatari hiyo hayapatikani nchi za mbali tu. Wamo wajawazito na hasa wanawake waliojifungua ndani ya wiki sita, watu waliofanyiwa upasuaji mkubwa, waliovunjika mfupa wa mguu na kufungwa plasta ngumu, wagonjwa wa saratani, watu wenye selimundu, wanaotumia baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, wenye uzito uliozidi, na wale ambao tayari wamewahi kuugua au wana ndugu wa damu aliyeugua.

Dalili zake huanza taratibu, na hapo ndipo hatari inapojificha. Mguu mmoja huvimba, huuma ndama au paja, hupata joto na ngozi hubadilika rangi kidogo. Bonge likifika kwenye mapafu, mgonjwa hupumua kwa shida, huhisi maumivu ya kifua anapovuta pumzi, mapigo ya moyo huenda mbio, na wengine hukohoa damu au kuzimia. Wapo wagonjwa ambao dalili ya kwanza kwao ni hiyo ya mapafu, bila mguu kuwa umewasumbua hata siku moja.

Katika mikoa ya pwani kuna jambo jingine linalochelewesha utambuzi. Ukanda huu umeishi na matende kwa vizazi vingi, na Serikali imekuwa ikitoa dawa za kingatiba katika kampeni za kutokomeza magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Kwa hiyo mguu unapovimba, fikra ya kwanza ya familia inaweza kuwa matende. Wengine husema mgonjwa amekanyaga uchawi, na wengine humkanda kwa maji ya moto na kumchua. Tofauti iliyo wazi ni muda. Uvimbe wa matende hukua kwa miezi na miaka, wakati uvimbe wa damu iliyoganda hutokea kwa saa au siku chache. Kuuchua mguu wenye bonge la damu hakushauriwi, kwa kuwa kunaweza kulisukuma bonge hilo kutoka lilipo.

Kwa nini Mbezi Luis

Mbezi Luis ipo kando ya Barabara ya Morogoro katika Wilaya ya Ubungo, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Kinondoni. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,086,912 katika Ubungo, kati ya wakazi 5,383,728 wa Mkoa wa Dar es Salaam. Tarehe 24 Februari 2021, Hayati Rais Dkt. John Pombe Magufuli alizindua hapo kituo kikuu cha mabasi ya mikoani na nchi jirani kinachobeba jina lake. Tangu wakati huo Mbezi Luis imekuwa lango ambalo maelfu ya wasafiri huingilia na kutokea jijini.

Kituo hicho kina uhusiano na mada hii. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya awamu ya kwanza ya utafiti wake kuhusu safari na kuganda kwa damu. Utafiti huo ulionesha kuwa hatari huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa nne au zaidi ambayo abiria ameketi bila kutembea. Watafiti walisisitiza kuwa hali hiyo haihusu ndege pekee. Abiria wa basi, treni na gari dogo nao wamo.

Basi linaloondoka Mbezi Luis kwenda Mbeya husafiri zaidi ya kilomita 800, na linalokwenda Mwanza zaidi ya kilomita 1,100. Aidha, mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku baada ya zuio lililodumu kwa takriban miaka 30. Uamuzi huo uliwapa wananchi uhuru wa kupanga safari zao na kurahisisha biashara. Hata hivyo, safari ya usiku ina tabia yake: abiria hulala akiwa ameketi, magoti yamekunjwa, mizigo ipo miguuni, na wengi hujizuia kunywa maji ili wasihitaji kujisaidia njiani.

Hatari kwa abiria mwenye afya njema inabaki kuwa ndogo. Utafiti huohuo uliikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6,000. Hakuna sababu ya mwananchi kuogopa kupanda basi. Takwimu hiyo hubadilika, hata hivyo, kwa mama aliyejifungua wiki mbili zilizopita anayerudi kwao, kwa mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, au kwa mgonjwa wa saratani anayetoka mkoani kufuata matibabu Dar es Salaam. Abiria wa namna hii hupita Mbezi Luis kila siku. Baadhi yao huanza kuona mguu umevimba siku kadhaa baada ya kushuka kwenye basi, wakiwa tayari nyumbani na hawaihusishi tena hali hiyo na safari.

Futi ya kupimia kabla ya mashine

Mgonjwa huyo akifika zahanati au kituo cha afya, kipimo cha kwanza hakihitaji umeme. Katika miaka ya 1990, Dkt. Philip Wells na wenzake nchini Kanada walitunga orodha ya alama ambayo hadi leo hutumika duniani kukadiria uwezekano wa damu kuganda. Mtoa huduma huuliza kama mgonjwa ana saratani, kama amelala kitandani kwa siku tatu au zaidi, kama amefanyiwa upasuaji ndani ya wiki 12, kama mguu una plasta au umepooza, na kama aliwahi kuugua ugonjwa huo. Kisha huukagua mguu na kuupima mzunguko wa ndama kwa futi ya kawaida, kama ile ya fundi cherehani. Ndama iliyovimba ikizidi ya upande wa pili kwa zaidi ya sentimita 3, hiyo ni alama mojawapo.

Alama zikiwa chache, kipimo cha damu kiitwacho D-dimer kinaweza kutosha kuuondoa ugonjwa kwenye orodha bila mgonjwa kupigwa picha yoyote. Alama zikiwa nyingi, mgonjwa anahitaji picha, na picha ya kwanza kwa mguu ni altrasaundi. Mtaalamu huikandamiza vena kwa kifaa cha altrasaundi huku akiiangalia kwenye kioo. Vena yenye afya hubonyea na kujifunga, ilhali yenye bonge la damu hukataa kubonyea. Kipimo hicho hakina mionzi, kinaweza kufanyika kando ya kitanda, kinafaa kwa wajawazito, na mashine yake ni nafuu kuliko CT Scan.

Mpangilio huu unaeleza jambo ambalo wananchi wengi hulielewa kinyume. Kuwapo kwa CT Scan katika hospitali ya mkoa hakumaanishi kuwa kila mguu uliovimba upelekwe huko. Mgonjwa anayedai kipimo kikubwa moja kwa moja anaweza kulipia gharama asiyohitaji na kupata mionzi isiyo ya lazima, huku mgonjwa mwingine mwenye hali mbaya akisubiri nyuma yake kwenye foleni.

Mahali ambapo CT Scan haina mbadala rahisi

Altrasaundi ina mipaka yake. Huona vizuri vena za paja na nyuma ya goti, lakini hupata shida kuona vena zilizo ndani ya nyonga na tumboni, ambako utumbo na gesi huzuia mawimbi yake. Pia hukwama kwa mgonjwa mnene sana, mwenye majeraha makubwa au aliyefungwa plasta mguu mzima. Ni katika mazingira hayo ambapo CT Scan inakuwa kipimo cha uamuzi.

Teknolojia hii ina mizizi pia katika bara la Afrika. Mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kuifikiria hesabu ya kuunda picha kutokana na miale inayopita mwilini kutoka pande nyingi alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mhandisi Godfrey Hounsfield wa Uingereza ndiye aliyeunda mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971. Wawili hao walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1979.

Katika kutafuta damu iliyoganda, mgonjwa huchomwa kwenye vena ya mkono dawa maalumu yenye madini ya joto, ambayo huifanya damu ionekane nyeupe kwenye picha. Ndani ya sekunde chache dawa hufika kwenye mishipa ya mapafu, na mashine hupiga picha ya kifua. Baada ya takriban dakika tatu, dawa huwa imezunguka mwili na kuanza kurudi kupitia vena za miguu na nyonga, na hapo picha ya pili inaweza kupigwa. Mahali ambapo damu imeganda, dawa haipiti. Mtaalamu wa radiolojia huona pengo jeusi katikati ya mshipa mweupe.

Picha hiyo hujibu maswali kadhaa kwa pamoja. Inaonesha kama bonge limefika kwenye mapafu na kwa ukubwa gani, na kama upande wa kulia wa moyo umeanza kuelemewa. Vilevile inaweza kueleza chanzo, kwa mfano uvimbe wa saratani unaobana vena ndani ya nyonga. Kwa baadhi ya watu, vena ya nyonga ya kushoto hubanwa na ateri inayopita juu yake, hali inayochangia mguu wa kushoto kuathirika mara nyingi zaidi, hasa wakati wa ujauzito. CT Scan inaweza kuionesha hali hiyo waziwazi.

Utafiti mkubwa uliofanyika Amerika Kaskazini na kuchapishwa mwaka 2006 ulipima faida hiyo. Picha ya mapafu peke yake iliwabaini wagonjwa 83 kati ya kila 100 waliokuwa na ugonjwa. Ilipounganishwa na picha ya vena za miguu, idadi ilipanda hadi 90. Maana yake ni kwamba hata kipimo hiki kinaweza kumkosa mgonjwa, hivyo jibu la "hakuna kitu" lisomwe pamoja na hali ya mgonjwa mwenyewe.

Tahadhari za lazima

Kila picha ya CT Scan ina gharama kwa mwili. Picha ya kawaida ya eksirei ya kifua hutoa mionzi ya takriban miliSivati 0.1, na CT Scan ya kifua hutoa takriban 6 hadi 7. Kiasi hicho kinakubalika pale maisha yapo hatarini, lakini hakipaswi kurudiwa bila sababu. Nchini Tanzania, jukumu la kudhibiti matumizi salama ya mionzi lipo chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003.

Dawa inayochomwa kabla ya picha nayo inahitaji umakini. Mgonjwa mwenye figo dhaifu anaweza kudhurika, na ndiyo maana hospitali hupima kwanza damu ili kujua uwezo wa figo. Wachache hupata mzio, kuanzia kuwashwa ngozi hadi kushindwa kupumua. Mgonjwa anapaswa kueleza bila kuficha kama ana kisukari, kama ana tatizo la figo, kama aliwahi kupata mzio wa dawa, na kwa mwanamke, kama kuna uwezekano kuwa ni mjamzito. Maswali hayo huulizwa kwa ajili ya usalama wake.

Tiba haisubiri foleni

Hoja yenye uzito mkubwa zaidi katika suala hili ilithibitishwa zaidi ya miaka 60 iliyopita. Mwaka 1960, madaktari wawili wa Uingereza, Barritt na Jordan, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa wenye mabonge ya damu kwenye mapafu. Kati ya wagonjwa 19 ambao hawakupewa dawa za kuzuia damu kuganda, 5 walifariki kutokana na mabonge hayo. Kati ya 16 waliopewa dawa, hakuna aliyefariki kwa sababu hiyo. Jaribio lilisitishwa mapema kwa kuwa isingekuwa haki kuendelea kuwanyima dawa wengine.

Somo lake kwa hospitali za leo ni kwamba dalili zinapokuwa nzito na mgonjwa hana hatari kubwa ya kutoka damu, daktari anaweza kuanza tiba huku picha ikisubiriwa. Picha inathibitisha, inaongoza na inaweza kubadilisha tiba, lakini haipaswi kuwa sababu ya mgonjwa kukaa usiku kucha bila dawa. Sindano ya heparini na vidonge vya warfarini vimetumika kwa miongo mingi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliongeza katika orodha yake ya dawa muhimu kundi jipya la vidonge ambavyo havihitaji upimaji wa damu wa mara kwa mara kama warfarini. Kwa mkazi wa pembezoni mwa jiji, tofauti hiyo ina maana ya nauli chache na siku chache za kuacha kazi.

Kwa wagonjwa wachache wenye mabonge makubwa, dawa za kumeza hazitoshi. Hapo huhitajika dawa za kuyeyusha bonge au wataalamu wanaoingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa kwa kuongozwa na picha. Mafunzo ya tiba radiolojia yameanza kutolewa nchini. Tangu mwaka 2018, Muhimbili imeshirikiana na wataalamu wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani kuwaandaa madaktari wa fani hiyo, ambao awali hawakuwapo nchini.

Mnyororo unaohitaji kuunganishwa

Kwa mkazi wa Mbezi Luis, miundombinu ipo karibu kuliko ilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Hospitali ya Mloganzila, iliyofunguliwa Novemba 2017 na sasa ikiwa sehemu ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, ipo katika wilaya hiyohiyo ya Ubungo na ina CT Scan. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwananyamala ipo upande wa Kinondoni, na Tumbi ipo Kibaha, katika Barabara hiyohiyo ya Morogoro. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ipo kwa ajili ya wagonjwa ambao moyo umeelemewa.

Pamoja na ukaribu huo, viungo vitatu vitaamua matokeo.

Kiungo cha kwanza ni ngazi ya chini. Rufaa nzuri huanzia kwa mtoa huduma wa zahanati anayejua kutofautisha matende, jipu la ndani na damu iliyoganda. Maarifa hayo hayahitaji bajeti kubwa. Yanahitaji mafunzo ya mara kwa mara, mwongozo ulioandikwa na futi ya kupimia.

Kiungo cha pili ni wataalamu. Mashine hununuliwa kwa mwaka mmoja, lakini daktari bingwa wa radiolojia huandaliwa kwa miaka mingi. Ufadhili wa masomo ya ubingwa na ubingwa bobezi unaotolewa kupitia programu ya Samia unalenga pengo hilo. Sambamba na hilo, kusoma picha kwa njia ya mtandao kunaweza kumwezesha bingwa aliye hospitali moja kutoa majibu ya mgonjwa aliyepigwa picha hospitali nyingine. Mashine nazo zinahitaji mafundi, vipuri, umeme wa uhakika na dawa ya kuonesha mishipa isiyokatika. CT Scan isiyo na dawa hiyo bado itaonesha mfupa uliovunjika, lakini haiwezi kutegemewa kuonesha bonge la damu kwenye vena.

Kiungo cha tatu ni gharama. Kwa familia inayoishi kwa kipato cha siku, bei ya kipimo na dawa za miezi mitatu au zaidi inaweza kuwa sababu ya kuacha tiba katikati, na bonge kurudi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, imeweka msingi wa kuondoa kikwazo hicho. Namna kitita cha huduma kitakavyojumuisha altrasaundi, CT Scan na dawa za muda mrefu ndiyo itakayoamua iwapo ukaribu wa mashine utakuwa pia ukaribu wa huduma.

Upo mfano wa kutia moyo ndani ya nchi kuhusu viungo vinavyounganishwa. Vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Mafanikio hayo yalitokana na vituo vya afya, wataalamu, damu salama na usafiri wa dharura kufanya kazi kwa pamoja. Kadiri vifo vya kutoka damu vinavyopungua, visababishi vingine, ukiwamo wa damu kuganda, vinastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Wajibu wa mwananchi

Msafiri wa masafa marefu anashauriwa kunywa maji ya kutosha, kuepuka pombe, kunyoosha na kukunja vifundo vya miguu kila baada ya muda mfupi, na kushuka kutembea kila basi linaposimama. Aliyejifungua au kufanyiwa upasuaji karibuni, na aliyewahi kupata ugonjwa huu, amuone daktari kabla ya safari ndefu.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, mgonjwa aende kituo cha kutolea huduma za afya siku hiyohiyo, bila kuuchua, na amweleze mtoa huduma kuhusu safari, upasuaji, uzazi au dawa anazotumia. Ikiongezeka shida ya kupumua, maumivu ya kifua au kuzimia, hiyo ni dharura, na hospitali iliyo karibu ndiyo ya kwanza kufikiwa. Mjamzito au mama aliyejifungua karibuni anaweza kupata usafiri wa dharura kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga namba 115 bila malipo. Wananchi wengine wenye maswali ya kiafya wanaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo pia ni ya bure.